Saa Arobaini na Nane za Filipo

Sehemu ya tisa

Koti lilikuwa la Filipo. Kichwa kilichotokeza juu ya kola hakikuwa cha Filipo.

Hapo ndipo nilipokuacha wiki jana, msomaji, na barua zako nimezipata. Mmoja wa Unyambwa amenitukana mpaka mwisho wa karatasi. Haya, tulia. Turudi langoni.

"Wewe!" Dorika alipiga kelele. "Koti hilo umelitoa wapi?"

Mtu yule hakugeuka. Alipompita alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, dada," akakaza mwendo kuelekea mashamba ya uwele. Alipofika kwenye mabua akaanza kukimbia, na koti la Filipo likapotea naye.

Dorika alimvamia konstebo wa zamu. Kijana wa watu alikuwa na wiki mbili tu tangu ahamishiwe bara kutoka pwani, na upepo wa Singida ulikuwa umempasua midomo.

"Siye! Umemtoa siye!"

"Siye nani, mama? Karatasi ya hakimu inasema Filipo Kisima aachiwe. Nimefungua mlango, nimeita Filipo Kisima, mtu amesimama akasema ni mimi. Ulitaka nimbusu kwanza?"

Filipo Kisima. Dorika aliposikia jina hilo alijua limetoka wapi. Lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema haraka. Ni mwaka 1974, mwaka wa Operesheni. Watu wametolewa kwenye tembe zao na kupangwa kwa mistari katika kijiji kipya wanachokiita Mji Mpya, mwendo wa saa tatu kwa mguu kutoka Ilongero. Filipo hakukataa kuhama. Alisema tu, ngoja nivune uwele wangu kwanza. Kwa neno hilo Bwana Mkuu wa Wilaya alimweka ndani saa arobaini na nane, maana sheria inampa Mkuu uwezo wa kumfungia mtu muda huo bila kuuliza mahakama.

Saa zikaisha, Filipo akatoka, akakamatwa tena kabla hajafika kwake. Safari hiyo sababu ilikuwa lugha mbaya. Mara ya tatu sababu ilikuwa kutazama kwa dharau. Sheria inakataza kumrudisha mtu ndani kwa sababu ile ile, lakini haikusema sababu mpya zisizidi ngapi.

Ndipo Dorika alipokwenda kwa hakimu. Karani akamwuliza, "Filipo nani?" Na Dorika, mke wa miaka kumi na mmoja, hawezi kulitaja jina la baba mkwe. Katika nyumba aliyoolewa, mwanamke halitaji jina hilo, akifa mzee ndiyo kabisa. Wanawake wa nyumba ile humwita marehemu Mzee wa Kisima, kwa sababu ndiye aliyechimba kisima cha pale nyumbani. Ni jina la jikoni. Filipo mwenyewe hajawahi kuitwa hivyo na mwanamume yeyote. Karani akaandika alivyosikia, Filipo Kisima, hakimu akatia saini, na mjanja mmoja mahabusu aliyesikia jina lisilo na mwenyewe akalivaa, na koti la Filipo aliyekuwa usingizini akalivaa vilevile.

Sajini Mwakalinga alitoka ofisini akifunga vifungo.

"Kelele za nini?"

Dorika alimwambia. Sajini akamtazama konstebo, konstebo akatazama viatu vyake. Kisha Sajini akaingia mwenyewe mahabusu, akakaa kidogo, akatoka na uso mwingine kabisa. Alikuwa amejua aliyetoka ni nani. Ni Ntandu, mwizi wa ng'ombe kumi na mmoja, aliyekuwa anasubiri kupelekwa mahakamani mjini.

"Mama," akasema kwa upole uliomtisha Dorika, "jana walilala humu watu watano. Ametoka mmoja. Wamebaki wanne. Hesabu ya vichwa inatimia."

"Lakini aliyetoka ni mwizi!"

"Aliyetoka ni Filipo. Humu alikuwamo Filipo mmoja tu." Akafungua kitabu kikubwa juu ya meza, akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya jina. "Filipo Mazengo, ameachiwa kwa amri ya mahakama, saa nne asubuhi. Hongera. Mumeo ni mtu huru."

Wakati huohuo, nyuma ya ukuta, sauti ikaita, "Dorika! Nani amechukua koti langu?"

Dorika aliruka. "Huyo hapo! Huyo ndiye Filipo!"

"Huyo ni Ntandu," Sajini akasema, akifunga kitabu. "Saa kumi jioni linakuja lori la kumpeleka mjini. Wizi wa mifugo siku hizi hauna mzaha, miaka yake imeshapangwa na sheria. Nenda nyumbani, ukampikie mumeo."

Dorika hakwenda nyumbani. Alikwenda mahakamani, na njia ya mahakamani inapita katikati ya Mji Mpya.

Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa kamba, mlango ukitazamana na mlango, ili watu wawe karibu. Lakini tangu Filipo aanze kuitwa mpinga Ujamaa, hakuna mwanamke aliyekuja kwa Dorika kuomba hata moto. Bombani maongezi yalikatika alipofika, wakashughulikia ndoo zao mpaka apite. Felista, waliyekua naye pamoja na kuchezwa ngoma siku moja, aliinama kufunga kamba ya kiatu, naye alikuwa pekupeku. Kule porini, tembe yao ikiwa peke yake kilimani, Dorika hakuwahi kuwa mpweke namna hii.

Aliyebaki upande wake alikuwa mmoja, mama mkwe wake, Mama Martha. Bibi huyo alikuwa ameketi kwenye benchi la mahakama tangu asubuhi, kibuyu cha togwa kwenye mapaja, akimsubiri mwanawe.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Bado yumo, mama. Wamekosea."

Hakimu Antipasi alikuwa mtu mwembamba, mwenye haki yake lakini mwenye haraka. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa na alitaka kuwahi basi la kwenda kwao. Alimsikiliza Dorika mpaka mwisho, akamgeukia karani Ezekieli.

"Umeandika Kisima?"

"Ndugu hakimu, niliandika alivyosema yeye."

"Mama, jina la baba yake mumeo ni nani?"

Dorika akamtazama mama mkwe.

"Nakuuliza tena. Kitabu cha polisi kina jina lake halisi. Amri yangu ikiwa na jina lingine, ni amri ya mtu mwingine. Naandika upya sasa hivi, ila nataka majina mawili, na nataka yatoke kwako uliyeleta ombi."

"Aulizwe balozi, ndugu hakimu. Balozi wa nyumba kumi analijua."

"Nilimwita balozi tangu juzi," hakimu akasema. "Amejibu ana mafua."

Karani alikohoa kuficha kicheko. Mama Martha hakucheka. Alikuwa anamtazama Dorika, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika polepole: usithubutu.

"Mama," Dorika alimwambia kwa Kinyaturu, "watampeleka kwa jina la mwizi. Leo hii, saa kumi."

"Tutatafuta mwanamume wa kulitaja."

"Nani, mama? Nani wa kuja hapa na sisi?"

Mama Martha naye halitaji, mwenye jina alikuwa mumewe. Wanaume wa ukoo walikuwa wametawanywa vijiji vinne tofauti. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Dorika akainuka. Alijiambia ni neno tu, lakini hakuamini.

"Mazengo," akasema. "Mume wangu ni Filipo Mazengo."

Karani akaandika. Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi.

Mama Martha alichukua kibuyu chake, akajifunika kanga kichwani kana kwamba amefiwa, akaelekea mlangoni.

"Mama!"

"Usiniite hivyo." Bibi hakupaza sauti. "Miaka kumi na mmoja nimekula mkononi mwako. Usinipikie tena. Mzee amelala chini, umemwita mbele ya watu kama unaita mbuzi." Akatoka. Dorika alimwona kwa dirishani akivuka uwanja peke yake, na alitamani kumkimbilia, lakini karatasi ilikuwa bado haijatiwa saini.

Machozi yalimtoka palepale. Hakimu akajifanya anatafuta muhuri.

"Ndugu hakimu," Dorika akasema baada ya kujifuta, "kwenye darasa la watu wazima mwalimu alitusomea kwamba kila mtu katika nchi hii ana haki ya uhuru wake. Alisema imeandikwa kwenye Katiba. Kwa nini basi natafuta jina la mtu aliyekufa ili mume wangu atoke?"

Hakimu aliweka kalamu chini.

"Imeandikwa, mama. Mwalimu hakuwadanganya. Iko mwanzoni kabisa, kwenye utangulizi. Ni maneno mazuri, hata mimi nayapenda. Lakini utangulizi hauna kifungu cha kushitakia. Ukiniletea maneno yale peke yake, nitayasoma, nitayakunja, nitakurudishia."

"Sasa mtu ashike nini?"

"Ashike hiki kidogo kilichopo. Amri ya Mkuu ya saa arobaini na nane naweza kuiuliza, saa zikipita. Nakuandikia aachiwe, au aletwe mbele yangu." Akagonga muhuri. Kisha akashusha sauti. "Ipo amri nyingine, ya kizuizini. Ile hutiwa saini juu kabisa, haina saa, haina tarehe ya kwisha, na sheria yenyewe imesema mahakama isiiulize. Ikija hiyo, mama, mimi na wewe tuko sawa. Omba isije kabla ya karatasi hii."

Karatasi alipewa tarishi, Mzee Yohana, pamoja na hati nyingine za kupeleka Ilongero. Alipanda baiskeli yake, Dorika akawa anakimbia kando. Upepo uliwapiga usoni njia nzima.

"Polepole, mwanangu. Utaanguka."

"Saa ngapi sasa, baba?"

"Tutawahi."

Waliwahi kweli. Ila lori nalo lilikuwa limewahi.

Lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo, na ofisini alikuwamo Inspekta kutoka mjini, akinywa chai. Mzee Yohana alimkabidhi Sajini karatasi, akasainiwa kwenye kitabu chake kidogo, akapanda baiskeli. Kazi yake ilikuwa kufikisha. Hakuna aliyemwambia asubiri, na Ilongero ni mbali.

Dorika hakumwona hata akiondoka. Alikuwa ameshazunguka nyuma ya jengo, kwenye tundu la hewa la mahabusu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anatabasamu.

"Filipo! Unatoka! Hakimu ameandika upya, jina lako lote!"

"Nyamaza!" Sauti ilitoka ndani kwa Kinyaturu, chini kwa chini. "Nani mwingine anajua kwamba nimo humu?"

"Hakimu. Imo kwenye karatasi, wanaisoma sasa hivi."

Filipo akavuta pumzi.

"Dorika, sikiliza. Ukuta wa ofisi ni mwembamba, nimewasikia kwa masikio yangu. Huyo mkubwa amekuja na bahasha. Ni kizuizini. Wanamtaka Filipo Mazengo, wampeleke mkoa mwingine, hata hawakutaja upi. Sajini amewaapia kwamba Filipo alitoka asubuhi, kwa sababu anaogopa kusema amemtoa mwizi. Uongo wake ndio unaonificha."

Dorika alishika ukuta.

"Kwa hiyo wewe..."

"Mimi ni Ntandu. Ntandu anapanda lori leo."

"Ntandu ni mwizi!"

"Mwizi ana kesi, Dorika. Ana tarehe ya kusomewa. Atasimama mbele ya hakimu wa mjini, ataulizwa ni kweli au si kweli, na hapo nitafungua mdomo niseme mimi ni nani, watu wakisikia. Filipo Mazengo hana wa kumwuliza. Hakuiba kitu, kwa hiyo hana kesi, na asiye na kesi hana hakimu."

"Na wasipokuamini?"

"Nitafungwa miaka ya Ntandu."

"Mingi?"

Akasema, "Miaka inahesabika. Ile nyingine haihesabiki. Wakikuuliza, hunijui."

Dorika aliweka paji la uso kwenye udongo wa ukuta. Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na hakutaka alisikie kwa mtu mwingine.

"Filipo. Nimelitaja jina la baba yako."

Filipo akasogea karibu na tundu.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama."

Kisha vidole viwili vikatokeza kwenye tundu, vichafu, na Dorika akavishika.

"Basi umelitaja bure," Filipo akasema. "Nisamehe, mke wangu."

"We mama!" Konstebo alikuwa ametokea pembeni ya jengo. "Unaitwa ofisini."

Inspekta alikuwa mtu wa adabu. Alimwonyesha kiti. Karatasi ya hakimu ilikuwa imefunguliwa mbele yake, na bahasha ya rangi ya kaki iko kando.

"Mama, shida yako na yangu ni moja," akasema. "Mimi namtafuta mumeo, wewe unamtafuta mumeo. Sajini anasema ametoka. Hakimu anasema, kwa maneno yako, yumo. Mmoja wenu ananidanganya."

Sajini alikuwa amesimama dirishani, jasho likimtoka, na nje ni baridi.

"Mlete huyo wa ng'ombe," Inspekta akaamuru.

Wakamleta amefungwa pingu, bila koti, ndevu zimemjaa. Dorika alimwona amekonda shingo. Miguu ilikuwa imepasuka visigino, na alijua ni mafuta gani ya kuipaka na yako kwenye kopo gani nyumbani.

"Jina?"

"Ntandu, afande."

"Mama, mtazame vizuri. Huyu ni mumeo?"

Asubuhi nzima Dorika alikuwa amepiga kelele kwamba ndiye. Kwa ajili ya jambo hilo alikuwa amempoteza mama mkwe, na jina aliloapa kutolitaja lilikuwa bado linamkera ulimini. Akamtazama mume wake machoni.

"Simjui."

"Una hakika?"

"Simjui mtu huyu. Nilisikia sauti tu asubuhi, nikafananisha."

Sajini alishusha pumzi mpaka ikasikika. Wakampeleka Filipo nje. Alipanda lori bila kugeuka nyuma. Ndivyo walivyokubaliana, na hata hivyo Dorika aliumia, kwa sababu alijikuta anangoja ageuke. Lori likaunguruma, likaondoka, vumbi likaingia mpaka ofisini.

Inspekta hakuondoka nalo. Alikuwa na Landrova yake nyuma. Alimalizia chai yake taratibu, akarudi kwenye kiti.

"Sasa tuongee. Kama huyo siye, basi mumeo ametoka kweli leo saa nne, na wewe ulikuwapo langoni. Ukamwona akitoka?"

Dorika aliitazama bahasha ya kaki.

"Amekwenda wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Lakini ulikimbia mahakamani kuapa kwamba bado yumo humu, ili sisi tukae tunatazamana huku yeye anatokomea porini." Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayesoma bei dukani. "Ulipanga vizuri. Mwanamke mwenye akili."

"Sikupanga, baba. Mimi nilikuwa natafuta..."

"Sajini, zile fomu za Mkuu zimebaki?"

Sajini alivuta saraka ya meza. Akatoa karatasi ambayo saini ilikuwa imeshatiwa chini, muhuri uko tayari, na juu pameachwa nafasi tupu ya jina.

"Saa arobaini na nane zitamkumbusha," Inspekta akasema.

"Sababu niandike nini, afande?"

"Acha kwanza. Tutaijaza Jumapili, na nyingine tutaitafuta Jumatatu."

Sajini akafungua kile kitabu kikubwa, akatazama saa yake ya mkononi.

"Saa kumi na dakika ishirini. Jina?"

"Dorika."

"Dorika nani?"

Dorika alitazama nje ya lango. Barabara ilikuwa tupu. Hakimu alikuwa ameshapanda basi, Mzee Yohana alikuwa njiani kwenda Ilongero akidhani kazi imekwisha vizuri. Mama Martha alikuwa amemkana. Filipo alikuwa Ntandu, amefungwa pingu, kila dakika anazidi kuwa mbali. Akawapitia moyoni watu wa Mji Mpya mlango kwa mlango, akitafuta mmoja tu wa kwenda kwa karani kulitaja jina lake, akafika nyumba ya mwisho bila kumpata, na konstebo akamwambia ainame, mlango wa mahabusu ni mfupi.